Amri ya Ulinzi: Sheria Inayoitazama Kesho

Kesi ya jinai huchunguza jambo lililokwisha kutendeka: nani alimpiga nani, lini, kwa kutumia nini, na kama ushahidi uliopo unatosha kumtia mtu hatiani. Amri ya ulinzi, ambayo pengine huitwa amri ya zuio, huuliza swali la namna nyingine, yaani kama mtu fulani yumo hatarini kudhuriwa na mtu wake wa karibu, na kama ndivyo, mipaka gani iwekwe ili madhara hayo yasitokee au yasirudiwe. Wengi wanaoihitaji amri hii hawaiombi kwa sababu hawajaelezwa tofauti hiyo, hivyo hudhani kwamba kwenda mahakamani ni sawa na kumpeleka mume, mke au mzazi gerezani, au kuivunja ndoa, ilhali amri yenyewe haifungi mtu wala haivunji ndoa.

Nchini Kenya, msingi wa ulinzi huu ni Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika Ibara ya 29 inampa kila mtu haki ya kutotendewa ukatili, uwe unatoka kwa vyombo vya umma au kwa watu binafsi. Maneno hayo ya mwisho yana uzito mkubwa, kwa kuwa yanauingiza mkono wa sheria hadi ndani ya nyumba, mahali ambapo kwa muda mrefu malalamiko yalirudishwa kwa wazee au kupuuzwa kwa hoja kwamba hayo ni mambo ya kifamilia. Miaka mitano baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015, ambayo iliweka utaratibu wa kuomba amri hiyo.

Sheria hiyo haiufungi ukatili katika kipigo peke yake. Inataja pia ukatili wa kingono, hata ukitendeka ndani ya ndoa, pamoja na vitisho, matusi, mateso ya kisaikolojia, uharibifu wa mali, kumfuatafuata mtu, kumzuia asiingie katika makazi yake, na ukatili wa kiuchumi, ambao ni kumnyima mtu riziki au mali anayostahili ili abaki chini ya himaya ya mwingine. Aidha, inaziorodhesha waziwazi mila zinazodhuru, zikiwemo ndoa za utotoni, ukeketaji, kurithi wajane kwa nguvu na hata uingiliaji wa wakwe. Uhusiano unaolindwa nao ni mpana: wanandoa na waliokwisha kutalikiana, wachumba, watu waliozaa pamoja, wanaoishi katika kaya moja na jamaa wa familia wote wamo, na mwanamume anayetendewa ukatili ana haki sawa na mwanamke.

Anayeomba, ambaye huitwa mwombaji, hupeleka maombi yake mahakamani yakiwa na maelezo ya kiapo, na mtoto anaweza kuombewa na mtu mzima. Nambari ya taarifa iliyoandikwa katika kitabu cha matukio cha polisi, maarufu kama OB, fomu ya P3 inayojazwa na daktari, ujumbe wa simu wenye vitisho na maelezo ya majirani huyapa maombi nguvu. Hata hivyo, mwombaji hatakiwi kuthibitisha madai yake pasipo kuacha shaka, kama inavyodaiwa katika kesi ya jinai. Inatosha kuonyesha kwamba yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Pale ambapo kuchelewa kunaweza kuleta madhara, mahakama inaweza kumsikiliza mwombaji peke yake na kutoa amri ya muda, kisha mlalamikiwa akapewa nafasi ya kujitetea kabla amri ya kudumu zaidi haijatolewa. Hivyo dharura hushughulikiwa bila kuua kanuni kwamba hakuna anayehukumiwa pasipo kusikilizwa.

Yaliyomo ndani ya amri hutegemea hatari iliyopo. Mahakama inaweza kumkataza mlalamikiwa kumdhuru au kumtisha mwombaji, kumfuata nyumbani au kazini, kumpigia simu au kumwandikia, na pia kumtuma mtu mwingine ayafanye hayo kwa niaba yake. Inaweza hata kumpa mwombaji haki ya kukaa katika nyumba waliyokuwa wakiishi pamoja na kumtoa mlalamikiwa, hata kama nyumba ni ya mlalamikiwa au imepangwa kwa jina lake, kwa kuwa kinachoamuliwa hapo ni usalama wa kukaa, na umiliki haubadiliki. Kifungu hiki hugusa kiini cha tatizo, kwani mara nyingi anayepigwa ndiye anayekimbia na watoto usiku, huku anayepiga akibaki chini ya paa.

Ingawa amri huombwa kwa njia ya madai, kuivunja ni kosa la jinai, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili. Afrika Kusini imeimarisha hatua hii kwa Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 1998, ambapo amri hutolewa pamoja na hati ya kukamatwa iliyosimamishwa, ambayo polisi wanaweza kuitumia pindi masharti yanapovunjwa.

Tanzania Bara haina sheria moja mahususi ya aina hii. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatamka katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, na inairuhusu mahakama kumzuia mwenzi asimbughudhi mwenzake, lakini zuio hilo limefungamana na mashauri ya ndoa. Matokeo yake ni kwamba mzazi anayepigwa na mwanawe, au mwanamke anayeandamwa na mchumba aliyeachana naye, hubaki kutegemea zaidi sheria za jinai, ambazo aghalabu huamka baada ya jeraha.

Hata pale sheria ilipo, karatasi ya amri haina mikono. Hufanya kazi mlalamikiwa anapokabidhiwa nakala na kuyajua masharti yake, kituo cha polisi cha karibu kinapokuwa na taarifa, na askari wa zamu anapopokea simu ya kwanza ya uvunjaji kama taarifa ya kosa badala ya kuwashauri wahusika wakayamalize nyumbani. Kwa kuwa amri hutolewa ili kuzuia madhara ya kesho, simu hiyo ya kwanza, inayopigwa kabla ya jeraha lolote, ndiyo kipimo chake cha kweli.