Feloshipu za Utafiti: Kweli na Uongo Unaosikika Mtwara

Taja feloshipu ya utafiti mbele ya wahadhiri wa historia, lugha au fasihi huku kusini. Mmoja atacheka, mwingine atakwambia hizo ni za watu wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadhi ya yanayosemwa ni kweli. Mengi siyo.

"Ni pesa za kwenda kusoma Ulaya." Si kweli. Ufadhili wa masomo unakurudisha na cheti. Feloshipu haina cheti. Inakupa muda: unaachiwa vipindi, usahihishaji na usimamizi wa mazoezi ya kufundisha, mara nyingi kwa mwaka mmoja, umalize kitabu. Wala si lazima upande ndege. Mpango wa African Humanities Program, ulioanza mwaka 2008 chini ya baraza la wasomi wa Marekani la ACLS kwa fedha za Carnegie Corporation, ulihusu wasomi wa nchi tano: Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Tanzania. Walioupata waliweza kubaki kwao na kuandika.

"Kusini hakuna cha kuandika zaidi ya korosho na gesi." Uongo, tena wa kuudhi. Mwaka 1906 Karl Weule wa Leipzig alizunguka Masasi na Newala na mashine ya kunasa sauti, akaondoka na nyimbo, picha na vinyago; kitabu chake kikatoka 1908. Peter Kraal alitetea sarufi yake ya Kimakonde huko Leiden mwaka 2005. Maud Devos ameandika sarufi ya Kimakwe, lugha ya pwani karibu na mlango wa mto Ruvuma. Felicitas Becker aliwahoji wazee wa Lindi na Mtwara kuhusu kuenea kwa Uislamu, na kitabu chake cha 2008 kimo katika mfululizo wa British Academy wa vitabu vilivyotokana na feloshipu. Ni kazi nzuri, sina ugomvi nazo. Ila tazama muda wa kuziandika ulilipiwa wapi. Mhadhiri anayeishi Mikindani, na lugha anaijua, wakati huohuo anasahihisha mitihani.

"Bila kibali cha COSTECH husogei." Nusu kweli. Mgeni lazima awe na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kwa mwenyeji njia ni fupi zaidi: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, makamu mkuu wa chuo amekasimiwa mamlaka ya kutoa kibali kwa watu wake. Kazi huja baadaye. Barua inapita kwa katibu tawala wa mkoa, inashuka wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha wa kijiji, na kila meza ina mhuri wake na kitabu cha wageni. Ukifika Msimbati msimu wa korosho, huenda mtendaji yuko mnadani, nawe unangoja kibarazani na bahasha yako. Siku hizo zitie kwenye bajeti.

"Vyuo vidogo hatupewi." Si kanuni, ila chanzo chake nakielewa. Wapimaji wa maombi wanasoma andiko la utafiti: swali ni lipi, nani amekwisha kuliandika, na ni majalada gani ya Nyaraka za Taifa pale Upanga utakayofungua. Mlimani jirani wa ofisi huenda amewahi kushinda, atakusomea rasimu. Stella Maris, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) kilichofunguliwa Mtwara mwaka 2009, msomaji wa namna hiyo inabidi umtafute mbali. Mtafute.

"Lazima uombe kwa Kiingereza." Mara nyingi ni kweli, hata kama utafiti wenyewe ni wa mashairi ya Kiswahili. Sidhani ni haki.

"Haijengi nyumba." Kweli kabisa.

Wafadhili wengi wanataka pia barua ya chuo inayokubali kumwachia mhadhiri vipindi vyake. Wakuu wa idara, iandikeni mapema, na mtafuteni wa kumshikia darasa kabla muda wa maombi haujafungwa.