Kutoka Timu ya Wafanyakazi hadi Klabu ya Kampuni: Historia ya Azam FC

Makala haya yanafafanua namna klabu iliyoasisiwa kazini inavyobadilika inapomilikiwa na mwajiri. Tofauti na Simba na Yanga, zilizojengwa juu ya misingi ya wanachama, Azam FC ilianzishwa mwaka 2004 na wafanyakazi wa kampuni za Bakhresa jijini Dar es Salaam, ikiitwa Mzizima, kwa ajili ya burudani baada ya kazi. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2008. Kampuni ikasajili wachezaji wa kulipwa na kujenga uwanja Chamazi. Msimu wa 2013/14 ilitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo. Hivyo, mtaji uliiimarisha klabu, lakini ulibadili nafasi ya mfanyakazi: aliyekuwa mchezaji akawa mtazamaji.