Ukipenda, inua mkono

Tarehe 20 Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, pale Walikale inapopakana na Masisi, hapa Kivu, mashariki mwa Kongo, na mapigano yakaenea Masisi nzima. Mtoto aliyekuwa mgongoni mwa mama yake siku ile leo amepita miaka 30, na vita havijaiacha nchi yake.

Mwili hukumbuka kwa namna yake. Ndani ya ubongo kuna amigdala, sehemu ndogo yenye umbo la lozi. Hatari ikitokea hupiga mbiu: adrenalini inamwagika, moyo unaenda mbio, misuli inakaza. Hivyo ndivyo mtu anavyookoka porini. Lakini kwa wengine mbiu haizimiki hata baada ya miaka, na hicho ndicho kiwewe; mlango ukigongwa, wanaruka. Wengine hufa ganzi, njaa na uchovu wao wenyewe wasiusikie.

Yoga, mazoezi ya mwili na pumzi, inagusa hapo, na simaanishi kujikunja kama kamba. Weka vidole kwenye mapigo ya kifundo cha mkono. Ukivuta pumzi, moyo huongeza mwendo kidogo. Ukiitoa, hupunguza, kwa kuwa neva ya vagasi, inayoshuka kutoka ubongoni hadi moyoni na tumboni, huushikia breki. Pumzi ikitoka taratibu, breki hukaa muda mrefu zaidi.

Mwaka 2014 Bessel van der Kolk na wenzake wa Massachusetts, Marekani, walichapisha utafiti juu ya wanawake 64 ambao kiwewe chao kilikuwa kimeshindikana kutibika. Baadhi walifanya yoga saa moja kila wiki kwa wiki 10, wengine wakapata masomo ya afya. Mwishoni, 16 kati ya 31 wa yoga hawakuhesabiwa tena kuwa wagonjwa. Upande wa pili walikuwa 6 kati ya 29. Matokeo hayo yananipa moyo, ingawa wanawake 64 ni wachache. Hapa Kivu ushahidi mzito zaidi ni wa mazungumzo: mwaka 2013 Judith Bass na wenzake walionyesha kuwa kati ya wanawake manusura wa ukatili wa kingono waliotibiwa kwa vikundi na wasaidizi wa kisaikolojia Wakongomani, 9% tu walibaki na dalili za sonona au wasiwasi miezi 6 baadaye; kati ya waliosaidiwa mmoja mmoja, 42%. Basi yoga ikae pembeni ya vikundi hivyo, isivisukume.

Kinachonigusa zaidi katika yoga ya wenye kiwewe ni neno moja: ukipenda. Ukipenda, inua mkono. Ukipenda, acha. Aliyebakwa au kufukuzwa kijijini alinyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake, na mwalimu akimwamuru, hata kwa upole, anaurudia unyang'anyi ule. Kwa hiyo mwalimu hamgusi mtu, wala hamlazimishi kufumba macho.

Lakini bunduki zikilia mlimani usiku, anayeshtuka si mgonjwa. Mbiu yake inasema kweli, na pumzi haipaswi kuizima. Ndiyo maana ningependa, yoga ikifika Ntoto, mikeka itandikwe karibu na mlango, mlango uwe wazi, na anayetaka kukaa akiitazama njia aitazame, huku akizisikia nyayo zake mwenyewe juu ya udongo.