Sufu Chafu Yaweza Kuwa Somo Safi

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii hukaririwa madarasani kila mwaka, ilhali ni wanafunzi wachache waliowahi kushuhudia chochote kikiundwa. Mimi ni mwalimu wa sayansi, na hoja yangu ni kwamba shule za nyanda za baridi kama Nyandarua, Molo na Laikipia, wanakofugwa kondoo wa Merino na Corriedale, zina maabara zizini. Kinachohitajika ni karai, maji moto, sabuni na manyoya ya kondoo mmoja.

Natuitazame kazi yenyewe. Kondoo akishakatwa manyoya, sufu hutandazwa, nazo sehemu za tumboni na za pembeni zilizogandamana na samadi huondolewa. Kisha hulowekwa katika maji baridi usiku kucha. Jasho la kondoo lililokaukia humo lina chumvi za potasiamu, nazo huyeyuka majini pasi na sabuni. Hilo ni somo la kwanza.

Kinachosalia ni mafuta yaitwayo lanolini, yale yale yatiwayo katika marhamu za ngozi. Haya hayajali maji baridi. Huyeyuka maji yafikapo nyuzijoto 40 hivi. Kwa hivyo mwalimu hutia maji ya sabuni ya nyuzijoto 60, sufu ikazamishwa kidogo kidogo, ikaachwa robo saa, kisha ikaopolewa kabla ya maji kupoa. La sivyo mafuta huigandia tena. Husuuzwa kwa maji ya joto lilo hilo.

Hapo ndipo subira hujaribiwa. Mwanafunzi aliyezoea kufua sare atataka kufikicha. Asithubutu! Kila unyuzi wa sufu una magamba madogo mno. Ukisuguliwa katika maji moto, magamba hushikana na sufu ikawa bonge lisilofumuka. Sufu hubonyezwa polepole tu, ikaanikwa kivulini juu ya wavu. Ikikauka, huchambuliwa kwa vidole, takataka zikaanguka, kisha ikachanwa kwa brashi mbili za meno ya waya hadi nyuzi zilale upande mmoja, tayari kusokotwa.

Hesabu nayo imo. Pimeni uzito kabla na baada: sufu ya Merino yaweza kupoteza theluthi moja, hata nusu, ya uzito wake. Mtoto wa mkulima ataelewa kwa nini mnunuzi wa sufu ghafi hutoa bei ya chini, na ni kazi gani ingeipandisha.

Yamkini wapo watakaosema kuwa muda hautoshi na mitihani inabisha hodi. Nawakumbusha kuwa mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, nao ulisisitiza kazi za mikono. Baadaye nikaziona karakana zikigeuzwa stoo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, utafikwa na yayo hayo iwapo umilisi utaishia kuandikwa daftarini.

Walimu wenzangu, ulizeni ni mzazi gani atakayewakata kondoo wake manyoya muhula huu, mkamwombe ya mmoja tu. Nanyi wanafunzi, msione kinyaa. Harufu ya zizi hutoka kwa sabuni, lakini mlichokifanya kwa mikono yenu hakitawatoka akilini.