Redio ya CB: Nusu ya Antena ni Gari Lenyewe

Redio ya CB (Citizens Band, yaani masafa ya raia) ni chombo kidogo cha kusema na kusikiliza kinachofungwa ndani ya gari, chenye maiki ya kushika mkononi, na kinachotumia masafa ya megahezi 27. Ni ndugu wa simu ya upepo ya polisi, ila hii ya raia haina kituo cha kati, haina mnara, haina namba ya kupigiwa wala gharama ya mwisho wa mwezi. Anayesema husikiwa na kila aliye jirani aliyefungua chaneli hiyohiyo. Kwao ni Marekani, na desturi zake zote zilikulia huko.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Marekani iliwatengea raia masafa ya karibu na megahezi 460, lakini vifaa vyake vilikuwa ghali na watu wachache walivimudu. Mwaka 1958 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ilichukua kipande cha megahezi 27 kilichokuwa cha wapenzi wa redio za ridhaa, ikakigawa katika chaneli 23. Kwa miaka kumi na mitano redio hiyo ilitumika kimyakimya kwa wakulima, mafundi na wenye biashara ndogo. Kisha, Oktoba 1973, ukaja mgogoro wa mafuta. Vituo vilikauka, na Januari 1974 Rais Richard Nixon alitia saini sheria iliyoweka mwendo wa juu wa maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88 hivi, kwa nchi nzima. Dereva wa lori anayelipwa kwa maili alibanwa pande mbili. CB ikawa njia ya kuulizana mafuta yanapatikana wapi, askari wa barabarani wamejificha wapi, na hata ya kupanga migomo ya kufunga barabara. Wimbo wa C.W. McCall uitwao "Convoy" (1975) na filamu ya Smokey and the Bandit (1977) viliipeleka kwa watu ambao hawajawahi kushika usukani wa lori. Betty Ford, mke wa Rais, naye alikuwa na jina lake la hewani, "First Mama". Hewa ilisongamana hata chaneli zikaongezwa kufikia 40 kuanzia tarehe 1 Januari 1977, na mwaka 1983 sharti la leseni likaondolewa kabisa.

Anayenunua redio hii leo mara nyingi huangalia boksi: lina taa ngapi, kioo chake kinabadilika rangi ngapi, muuzaji anasema lina nguvu kiasi gani. Huko ni kutazama pasipohusika. Kwa sheria ya Marekani nguvu ni ileile kwa redio zote: wati 4 kwa AM, na kilele cha wati 12 kwa SSB, mfumo unaotuma upande mmoja tu wa wimbi. Gari moja likisikiwa umbali wa kilomita 3 na jingine kilomita 12, kwa kawaida tofauti iko kwenye antena, kwenye ethi (muungano wa antena na bati la gari) na mahali antena ilipofungwa.

Boksi lenyewe halina kazi kubwa. Hufungwa chini ya dashibodi, au juu ya kioo cha mbele katika malori yenye nafasi hiyo, mahali mkono wa dereva unapofika bila macho kuacha barabara, mbali na goti na mbali na njia ya mfuko wa hewa. Redio nyingi zina spika upande wa chini, hivyo kuzilaza juu ya zulia au kuzibana kwenye droo ni kuziziba mdomo.

Umeme huvutwa moja kwa moja kutoka kwenye betri, waya mwekundu kwenye chanya na mweusi kwenye hasi, na fyuzi ikae karibu na betri. Redio inapotuma hula kama ampea 2 tu. Kuchomeka kwenye soketi ya kiberiti kunawezekana, lakini huko ndiko unakoingia mlio wa alteneta, ule unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini. Waya unaopita kwenye bati linalotenga injini na chumba cha dereva lazima upitie kwenye mpira, la sivyo bati litaula polepole mpaka shoti itokee. Jambo moja linawahusu zaidi wenye malori wa Afrika Mashariki. CB imetengenezwa kwa volti 12, na malori mengi ya Kizungu na ya Kijapani yanayotembea barabara za huku yana volti 24. Kuiunga bila kishusha volti ni kuiunguza. Kuiunga kwenye betri moja kati ya mbili nako si suluhisho, kwani betri hiyo itachoka kabla ya mwenzake.

Uhondo wa kifaa hiki uko nje ya gari. Wimbi la megahezi 27 lina urefu wa mita 11 hivi, na fimbo inayolituma vizuri ina urefu wa robo yake, karibu mita 2.75. Lakini fimbo hiyo ni nusu tu ya antena. Mkondo unaopanda kwenye fimbo unahitaji upande wa pili wa kuukamilisha, na upande huo ni bati la gari: paa, boneti, milango, chasisi. Kwa hiyo gari zima hushiriki kutuma sauti. Nusu hiyo wauzaji hawaitaji kwa sababu haiuzwi dukani.

Kutokana na hilo hutokea jambo linalowashangaza wengi. Antena iliyosimama katikati ya paa hutuma karibu sawa pande zote. Ikihamishiwa kona ya nyuma kushoto, sehemu kubwa ya nguvu huelekea mbele kulia, kwa kuwa ndiko bati lilikotanda. Dereva anayelalamika kwamba walio mbele humjibu na walio nyuma hawamsikii huenda hana ubovu wowote kwenye redio yake, ila amefunga antena kwenye bampa ya nyuma.

Fimbo ya mita 2.75 juu ya paa hugonga matawi na madaraja, kwa hiyo antena nyingi zimefupishwa kwa kuzungusha waya juu ya fimbo ya faibaglasi au kuuweka kwenye koili. Ufupi huo una gharama, kwa sababu sehemu ya nguvu huishia kuwa joto ndani ya koili. Antena ndefu iliyo nafuu, ikifungwa vizuri, huishinda fupi ya bei kubwa.

Ethi ndiyo hudharauliwa kuliko vyote. Kishikio cha antena kikikaa juu ya rangi au kutu, bati la gari halimo katika kazi, hata kama kwa macho yote yameshikana. Kwenye malori, antena hufungwa kwenye mkono wa kioo cha pembeni, mkono umeshikwa na mlango, na mlango umeshikwa na bawaba zilizojaa grisi na rangi. Njia hiyo haitoshi. Rangi hukwanguliwa mpaka chuma kionekane, kisha utepe wa shaba iliyosukwa huunganisha mlango na bodi. Kabini za siku hizi zina plastiki na faibaglasi nyingi, na kwa magari ya namna hiyo kuna antena maalumu zisizotegemea bati. Zile antena mbili za lori, moja kila upande, zina sababu yake. Zikiachana kwa karibu robo ya wimbi, na upana wa lori kati ya vioo unakaribia hapo, huelekeza nguvu mbele na nyuma kwa kufuata barabara. Kwenye gari dogo hukaa karibu mno, na faida hiyo haipo.

Baada ya kufunga, antena hupimwa. Kati ya redio na antena kuna kebo ya ohmu 50. Antena isipolingana na kebo, sehemu ya nguvu hugeuka na kurudi ilikotoka, kama mtikiso wa kamba iliyofungwa ukutani unavyomrudia anayeitikisa. Linaloenda na linalorudi hukutana ndani ya kebo na kufanya mawimbi yaliyosimama, na ukubwa wake husomwa kwa mita ndogo ya SWR inayochomekwa kati ya redio na antena. Kipimo cha 1 kwa 1 ni ukamilifu ambao haupatikani kwa urahisi. Kwa 1.5, asilimia 4 tu ya nguvu hurudi, na kwa 2 hurudi asilimia 11. Ikifika 3, robo nzima inarudi, na transista ya mwisho inayosukuma mawimbi huanza kuungua. Kwa sababu hiyohiyo kibonyezo cha maiki hakiguswi kamwe wakati antena haijaunganishwa.

Kupima hufanyika gari likiwa uwanjani, mbali na kuta, miti na nguzo za umeme, milango ikiwa imefungwa, na asiwepo mtu aliyeegemea bodi. Husomwa chaneli ya 1, kisha ya 40. Namba ikiwa kubwa zaidi kwenye 40, antena ni ndefu mno na hupunguzwa. Ikiwa kubwa zaidi kwenye 1, ni fupi na huongezwa. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwani kipande kilichokatwa hakirudi. Ikiwa kubwa kwenye zote mbili, urefu uachwe kwanza. Ubovu uko kwenye ethi, kwenye kebo iliyobanwa na mlango, au kwenye kichwa cha kebo kilichochomelewa vibaya. Kazi yote hii haizidi saa moja, na inasikitisha kwamba wanaofunga redio kwa malipo huiruka kisha kumshauri mwenye gari anunue redio kubwa zaidi.

Kuitumia ni jambo la adabu kuliko ufundi. Kitufe cha skwelchi huzungushwa mpaka miungurumo ikatike na kuachwa hapohapo, kwani ukikizidisha hukata pia sauti za walio mbali. Anayetaka kusema husikiliza kwanza. Kisha hubonyeza, hungoja kidogo, na kusema kwa sauti ya kawaida, maiki ikiwa sentimita 5 hadi 10 kutoka mdomoni. Anapoachia kibonyezo ndipo mwenzake anaweza kujibu. Wawili wakibonyeza pamoja hakuna anayesikika, na anayesikiliza hupata mluzi mkali tu. Madereva wa malori wa Marekani hukutana chaneli ya 19, na ya 9 imewekwa kwa ajili ya dharura na msaada wa barabarani. "10-4" ni kukiri kwamba ujumbe umefika, na "10-20" ni kutaja au kuuliza mahali mtu alipo. Watu hutumia majina ya hewani badala ya majina yao, nayo ni busara, kwani hakuna siri kwenye chaneli iliyo wazi kwa wote.

Kwenye tambarare, magari mawili husikizana kwa kilomita 5 hadi 15 hivi. Wakati mwingine, hasa katika miaka ambayo jua lina madoa mengi, tabaka za juu za angahewa huyarudisha mawimbi haya ardhini mbali sana, na dereva akasikia mtu aliye umbali wa kilomita elfu moja na zaidi huku akimkosa aliye mlima wa pili. Sheria ya Marekani iliyokataza kuzungumza kupita kilomita 250 ilifutwa mwaka 2017, na mwaka 2021 mfumo wa FM ukaruhusiwa pamoja na AM.

Tatizo kubwa la hewani ni vikuza nguvu haramu. Mtu mmoja mwenye mamia ya wati huzima mazungumzo ya mji mzima, huingia kwenye spika za majirani, na bado yeye mwenyewe hasikii zaidi ya kawaida, kwani kukuza kutuma hakukuzi kupokea. Huo ni uchoyo, na ni hasara kwa dereva anayetaka kuonya kuhusu ajali mbele. Hasara ya pili ni upotevu. Redio za miaka ya 1970 zina sehemu ambazo jicho linaziona na mkono unazifikia, na nyingi zilizokufa zina kapasita zilizokauka au transista moja ya mwisho iliyoungua kwa antena mbovu. Fundi wa redio mwenye chuma cha kuchomelea angeziponya kwa muda mfupi. Badala yake hutupwa jalalani pamoja na madini ya risasi yaliyomo ndani yake, kisha hununuliwa nyingine.

Hata hivyo, CB bado hutumika kwenye misafara ya malori na ya magari ya porini, kwenye magari ya kusindikiza mizigo mipana, mashambani, na mahali mtandao wa simu unapokatika kwa dhoruba au moto. Kanuni ya Marekani inayomkataza dereva wa gari la biashara kushika simu mkononi, iliyoanza mwaka 2012, haikuigusa CB. Wapo Waswahili wanaoendesha malori huko, na kwao redio hii bado ni chombo cha kazi.

Anayetaka kuileta nyumbani ajue kwamba ruhusa ya Marekani haivuki mpaka. Uingereza iliihalalisha mwaka 1981, mwanzoni kwa FM pekee, na Australia hutumia zaidi masafa ya megahezi 477, ambayo redio ya Marekani haiyapati kabisa. Nchini Tanzania masafa husimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, na nchini Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano. Waulizwe hao kabla pesa haijatoka mfukoni na kabla tundu la antena halijatobolewa kwenye paa.