Una ploti ya futi 20 kwa 60? Anza na shimo, vyumba baadaye

Pita Pipeline, Embakasi, saa sita mchana. Jua liko utosini, watu barabarani wanakunja uso, lakini ukiingia kwenye korido za zile fleti utakuta stima zinawaka vyumbani kama saa mbili usiku. Tokeni zinakwisha. Nguo hazikauki. Ukutani kuna ukungu, na mtoto anafanya kazi ya shule chini ya balbu mchana wa Jumamosi. Haya yote katika mji ulio digrii moja na kitu tu kusini mwa ikweta, mahali ambapo jua ni la bure mwaka mzima.

Kwa landilodi, giza hilo ni hesabu ya kodi: kila futi iwe chumba, kila chumba kiwe na mpangaji. Lakini wewe unayejenga keja ya kuishi na watu wako, kwenye ploti nyembamba uliyonunua na ndugu zako kupitia chama au ambayo wazee wamewaachia, mbona unakopa ramani ya landilodi?

Niseme mapema kwamba mimi si msanifu majengo. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, na haya ninayokuandikia nimeyaokota kwa kusoma, kusumbua mainjinia na kusimama sana kando ya mijengo ya watu. Mchoro wenyewe mwachie mwenye leseni. Ila kuna uamuzi mmoja ambao ni wako, na usipoufanya wewe, fundi ataufanya kwa niaba yako: mwanga utaingilia wapi?

Kwenye ploti ya 50 kwa 100 swali hilo halina uzito. Nyumba inakaa katikati na madirisha yanaangalia pande zote nne. Kwenye futi 20 una pande mbili tu, mbele na nyuma. Ukutani kushoto na kulia ni kwa watu. Najua jirani bado hajajenga na kwa sasa pale pana sukuma wiki na kuku wawili. Usitoboe dirisha upande huo. Siku akimwaga msingi wake mpakani, na atamwaga, dirisha lako litaangalia mawe. Hata sheria za ujenzi haziko upande wako hapo. Kuta za mpakani si za kuwekwa madirisha. Mwanga wa ploti ya jirani ni wa mkopo, na mwenyewe hahitaji kukupa notisi.

Wembamba wa ploti hizi si ajali. Dandora, kwa mfano, ulikuwa mradi wa miaka ya 1970 uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambapo watu walipewa ploti zilizofikiwa na maji na njia ya majitaka, kisha kila mtu akajijengea. Ukifanya ploti iwe nyembamba mbele na ndefu nyuma, barabara na mabomba ya kila nyumba yanakuwa mafupi, na gharama inashuka. Tatizo ni kwamba mpango huo unaokoa pesa barabarani na kuiacha shida ya giza ndani ya nyumba.

Sasa, watu wa Lamu walilitatua jambo hili zamani sana. Mji wa Kale wa Lamu, ambao UNESCO iliutia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001, umebanana kuliko Umoja. Kuna vichochoro ambavyo punda mwenye mzigo akija, wewe unajibana ukutani. Nyumba za mawe kule hazitegemei madirisha ya nje. Zina kiwanda. Si kiwanda cha kutengeneza sabuni. Kwa lugha ya kule ni uwanja mdogo ndani ya nyumba, ulio wazi juu, na vyumba vinauelekea. Mwanga unashukia hapo, hewa ya joto inatokea hapo. Vyumba vyenyewe ni virefu na vyembamba, upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi, kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba sakafu ya juu haziwezi kuvuka mbali zaidi. Upana wa chumba uliamuliwa na mti.

Chukua wazo hilo ulete Kayole. Ploti yako ni futi 20 kwa 60. Acha futi tano mbele na tano nyuma, au zaidi kama kaunti itadai. Unabaki na urefu wa futi 50 wa kujenga. Usiujaze wote. Weka bloku ya futi 20 mbele, bloku ya futi 20 nyuma, na katikati bakisha futi 10. Katika hizo 10 za katikati, nusu ya upana iwe ngazi na njia ya kupitia, na nusu nyingine, 10 kwa 10, iwe shimo tupu kutoka ardhini mpaka angani.

Hapo ndipo fundi atashika kiuno. “Boss, hapo unapoteza singo mbili.” Na hajakosea hesabu. Futi 10 kwa 10 ndicho kipimo cha singo ya kawaida Nairobi. Chini moja, juu moja. Katika familia nyingi maneno huanzia hapo. Mzee anaona kodi ya vyumba viwili kila mwezi ikipeperuka, dada yako anayelipa nusu ya pesa anauliza kwa nini anunue hewa, na wewe umeshika karatasi yenye mraba mweupe katikati.

Basi nenda na hesabu nyingine mkononi. Kwanza, nafasi usiyoijenga huilipii. Futi mraba 100 za slabu ya juu hazimwagwi, paa lake haliezekwi, dari yake haipigwi. Pili, bila shimo hilo una nyumba yenye kina cha futi 50 inayopokea mwanga kwenye ncha tu. Kanuni wanayotumia wasanifu ni kwamba mwanga wa kutosha wa dirisha huingia ndani kiasi cha mara mbili ya urefu kutoka sakafuni hadi juu ya dirisha. Dirisha likiishia futi saba, unapata kama futi 14. Piga hesabu: futi 14 kutoka mbele, 14 kutoka nyuma, na katikati futi 22 za giza. Hizo singo mbili ulizookoa zimekaa humo humo gizani, pamoja na ngazi na pengine choo. Ukiwa na shimo, kila bloku ya futi 20 inapata mwanga wa barabarani upande mmoja na wa kiwanda upande wa pili. Sehemu ya mbali kabisa iko futi 10 kutoka dirishani.

Faida ya tatu ndiyo inayowanyamazisha wazee. Nyumba iliyogawanyika hivyo inajengeka kwa awamu. Unaanza na bloku ya mbele na ngazi, chini na juu, mnahamia. Bloku ya nyuma inasubiri mkopo mwingine wa sacco, na ikija haibomoi chochote. Kama lazima kuwe na mpangaji, mpe ile ya nyuma chini. Atalipa kodi bila manung'uniko, maana ana dirisha la kweli.

Lakini je, shimo la futi 10 lililozungukwa na ghorofa mbili linapata jua kweli? Hili nililipigia hesabu mwenyewe kwa sababu sikuamini. Kuta zako ni kama mita sita kwenda juu. Hapa Nairobi, mwezi Machi na Septemba jua la mchana linapita karibu kabisa na utosi, kwa hivyo linamwagika moja kwa moja hadi sakafuni. Kibarua ni Juni, jua linapoegemea kaskazini kwa takriban digrii 25 kutoka utosini. Ukuta wa mita sita unatupa kivuli cha karibu mita 2.8. Shimo lako ni futi 10, yaani mita tatu na kidogo. Linapita! Ni utepe tu wa jua chini, lakini ukuta wa ndani wa upande wa kusini unaoga mwanga, na ukiupaka nyeupe unaurudisha vyumbani. Rangi nyeupe ndiyo taa ya bei rahisi kuliko zote. Punguza shimo liwe futi sita ili umfurahishe fundi, na mwezi huo sakafu haitaguswa na jua kabisa.

Kumbuka Juni na Julai ndiyo miezi yetu ya baridi, ile ya kulala na soksi. Jua unalolihitaji zaidi linatoka kaskazini. Kwa hivyo kama kuna jirani wa ghorofa sita upande wa kaskazini, kisukume kiwanda mbali naye, kikae upande wa kusini wa ploti na ngazi ziende kwake. Bado kivuli chake kitakufikia baadhi ya miezi, nisikudanganye. Ila siku za mawingu, ambazo Julai ni nyingi, mwanga unatoka anga nzima, na tundu lililo wazi juu linaupokea vizuri kuliko dirisha la ubavuni.

Na tafadhali achana na zile video za YouTube zinazosema dirisha kubwa lielekee kusini. Hiyo ni ya Ulaya na Marekani. Ya Australia itakuambia kaskazini. Sisi jua letu linahama pande zote mbili, na la kuogopwa ni la magharibi, saa tisa alasiri mwezi Februari. Ukiwa na chumba kinachoangalia huko, dirisha liwe dogo au liwe na kivuli cha nje, maana pazia la ndani huzuia jua likiwa tayari limeshaingiza joto.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho hakigharimu karibu chochote: pandisha madirisha. Mafundi wetu wana mazoea ya kukomesha dirisha futi saba, kisha mawe mengine mpaka kwenye dari ya futi tisa. Lifikishe juu, chini tu ya bimu. Ukitumia kanuni ile ya mara mbili, futi 14 zinageuka 18. Kama bajeti ya glasi inabana, inua upande wa chini; futi za juu ndizo zinazoangaza ndani, za chini zinaangaza visigino vyako.

Ningeenda hatua moja zaidi: sebule na jikoni juu, vyumba vya kulala chini. Juu ndiko kuna mwanga wa siku nzima, na nani anahitaji jua akiwa amelala? Shida ni shosho. Kama anaishi nanyi au anakuja mara kwa mara, magoti yake hayajali nadharia yangu. Weka basi chumba kimoja cha kukaa chini, mkabala na kiwanda, aote jua akitaka.

Upande wa pesa, kuna mambo ambayo shimo haliyaokoi. Slabu ndiyo inayomeza bajeti ya ghorofa, na inameza zaidi kadiri inavyovuka mbali bila kushikwa. Futi 20 kwa mrundo mmoja ni nyingi. Ukuta wa kubeba au bimu katikati, unaokwenda mbele-nyuma ili usizibe mwanga, unazigawa kuwa futi 10 na 10. Zile boriti za Lamu tena. Choo cha juu kikae juu ya choo cha chini, bomba moja lishuke. Na ukiwa maeneo ya udongo mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha, tenga pesa ya msingi kabla hujatamani vigae, kwa sababu utachimba mpaka uupite.

Hapa ndipo injinia anapolipwa. Shimo katika slabu huwekwa siku ya kufunga vyuma. Ukija kulikata baadaye unakata vyuma vinavyoishikilia nyumba. Msanifu awe amesajiliwa na BORAQS, injinia na bodi ya wahandisi, mchoro upitishwe na kaunti, mradi uandikishwe NCA. Ni foleni na ni pesa, najua. Lakini jengo lililoporomoka Huruma Aprili 2016 liliua makumi ya watu, na ghorofa yako haitakuwa na huruma zaidi kwa sababu ni ndogo.

Jambo la mwisho ni maji. Mvua moja nzito ya milimita 50 inaangusha zaidi ya lita 460 ndani ya mraba wa 10 kwa 10, kabla hujahesabu yanayotoka paani. Paa liinamie nje, gata zipeleke kwenye tangi. Sakafu ya kiwanda iwe chini ya sakafu ya vyumba kwa inchi nne hivi, na bomba la kutolea maji lipite chini ya bloku ya mbele hadi mtaroni. Bomba hilo hulazwa kabla ya zege ya chini. Mwambie fundi asimwage mpaka umefika saiti, umemimina ndoo moja upande huu na kuiona ikitokea upande ule.