Kikohozi kisichoisha: Angalia kijana anamimina nini chumbani

Watoto wetu wametengeneza magari tangu zamani. Waya uligeuka bodi, soli ya ndala ikakatwa matairi, na boksi la dawa likawa basi la mkoani. Madhara makubwa ya kazi hiyo yalikuwa kidole kuchanika au kugombezwa kwa kukata ndala za mtu.

Siku hizi kazi hiyo imekua. Wapo vijana wanaotengeneza mabasi na malori ya mfano yanayofanana na halisi hadi kwenye siti na taa. Wengi hufuata vipimo maalumu. Kwa kipimo cha 1:24, kwa mfano, sentimita moja ya gari dogo inasimama badala ya sentimita 24 za gari halisi, hivyo basi la mita 12 linakuwa na urefu wa sentimita 50. Ili kupata rimu sita au siti 50 zinazofanana, kijana huchonga moja kwa mkono, huitengenezea kalibu ya silikoni, kisha humimina humo rezini ya majimaji ambayo baada ya muda huganda na kuwa ngumu kama plastiki.

Ni kazi ya akili, subira na hesabu, na wengine inawapatia kipato. Sina nia ya kuipiga vita. Lakini rezini si waya wala boksi. Ni kemikali, na katika nyumba nyingi inamiminwa chumba kilekile anacholala kijana pamoja na wadogo zake.

Kliniki nilimwona kijana wa miaka 19 aliyekuwa akikohoa na kubanwa kifua kwa miezi mitano. Mama yake alikuja na bahasha iliyojaa vyeti. Eksirei ya kifua haikuonyesha tatizo. Makohozi yalipimwa kifua kikuu mara mbili, hakuna vijidudu. Alikuwa ameshakunywa antibiotiki mara tatu. Inhela ya pumu ilimpa nafuu ya saa chache tu. Ila mama alitaja jambo moja kama vile halina uzito: kijana alipokwenda msibani kijijini kwa wiki mbili, kikohozi kiliisha. Aliporudi Dar es Salaam, siku ya tatu kikaanza upya.

Nilipomuuliza kijana jioni zake huzitumiaje, alitoa simu na kunionyesha mabasi aliyotengeneza, mazuri kwelikweli. Alikuwa akimimina rezini usiku mara nne kwa wiki, chumbani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu.

Rezini si moja

Wauzaji hutaja neno moja tu, “rezini”, lakini ziko aina tatu zinazotumika zaidi, na kila moja ina madhara yake. Zote huja katika sehemu mbili: rezini yenyewe na dawa ya kugandisha, ambayo mafundi huiita hadina. Hatari kubwa iko kabla na wakati wa kuganda. Kipande kilichoganda sawasawa, kwa vipimo sahihi, kwa kawaida hakina shida tena kukishika.

Ya kwanza ni epoksi, inayotumika pia kutengeneza meza za kung’aa, hereni na vishika funguo. Adui yake mkubwa ni ngozi. Ikikugusa leo, kesho na keshokutwa, unaweza usione kitu. Lakini kinga ya mwili inaweza kujifunza kuitambua na kuichukia. Siku hiyo ikifika, vidole huwasha, hupasuka na kutoa malengelenge, na kope za macho huvimba. Hali hii ni mzio wa ngozi, na kwa kawaida haiondoki maishani. Kila ukigusa tena, hata kidogo, ngozi huchafuka. Wengi huja wakidhani ni fangasi na wameshapaka dawa za kila aina.

Ya pili ni polyuretheni. Vijana wa magari madogo huipenda kwa sababu baadhi huganda ndani ya dakika chache. Hadina yake ina kemikali zinazoitwa isosayaneti, ambazo ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana zaidi vya pumu inayotokana na kazi. Ubaya wake ni kwamba pua si mlinzi wa kutegemewa hapa, kwani kemikali hizi zinaweza kudhuru zikiwa kiasi kidogo ambacho hakinuki. Mtu anaweza kufanya kazi miezi au miaka bila dalili, kisha mapafu yakaanza kuzikataa. Baada ya hapo, kiasi kidogo tu kinatosha kumbana kifua.

Ya tatu ni polyesta, inayofahamika kwa mafundi wa faiba wanaotengeneza boti na bodi za magari. Hii ina harufu kali ya stirini, inayoleta kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na macho kuwasha. Mwaka 2018 wataalamu wa taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani waliiweka stirini katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi huo unahusu zaidi watu wanaoivuta kwa wingi kazini, kwa hiyo aliyemimina mara mbili asiingiwe na hofu. Hatari ya haraka zaidi ni hadina yake. Ni nyepesi na angavu kama maji, na tone moja likiingia jichoni linaweza kuunguza kioo cha jicho na kuacha kovu la kudumu. Hadina hiyo pia haichanganywi moja kwa moja na dawa ya kobalti inayoharakisha kuganda, kwa sababu mchanganyiko huo unaweza kulipuka.

Ongeza na moto. Rezini inapoganda hutoa joto. Ikichanganywa nyingi kwenye kikombe kimoja na kuachwa, kikombe huweza kufuka moshi na kumuunguza anayekishika. Polyesta na thina hushika moto kirahisi, hivyo kazi hiyo haifai karibu na jiko la mkaa, la gesi au mshumaa.

Dalili za kuangalia

Mzazi, usisubiri kijana azidiwe. Pumu ya namna hii ina tabia zake. Dalili zinaweza kuanza saa kadhaa baada ya kazi, ndiyo maana wengi hukohoa usiku na kulaumu baridi au feni. Kikohozi hupungua akiwa safarini au siku asizofanya kazi, kisha hurudi. Kifua hubana, pumzi hupiga filimbi, mafua na macho kuwasha hufuatana.

Kwa upande wa ngozi, angalia vidole, viganja, mikono hadi kwenye viwiko, na kope. Kope huvimba hata kama rezini haikurukia usoni, kwa sababu mikono yenye kemikali hujikuna usoni bila mtu kujua.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi lazima kipimwe kifua kikuu. Tusiruke hatua hiyo kwa sababu tu kijana anamimina rezini. Lakini kifua kikuu kikishaondolewa, swali la kazi ya mikono lifuate.

Kwa nini wadogo wako hatarini zaidi

Mtoto mdogo huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake. Hucheza sakafuni ambako vumbi la msasa hutua, na kila kitu hukipeleka mdomoni. Kaka anayefanya kazi chumbani saa mbili jioni anaondoka kwenda kuangalia mpira. Mdogo wa miaka mitatu analala humo hadi asubuhi, wakati vipande bado vinaganda mezani. Mjamzito naye asikae kwenye chumba hicho, na mwenye pumu asifanye kabisa kazi ya polyuretheni.

Kosa jingine tunaloliona mara kwa mara ni kemikali kuhamishiwa kwenye chupa ya soda au ya maji. Tumeona watoto wakinywa mafuta ya taa kwa njia hiyo hiyo. Chombo kibaki na lebo yake, kifungwe, na kiwekwe juu penye kufuli.

Jinsi ya kuendelea na kazi kwa usalama

Kwanza, kazi itoke chumbani. Ifanyike barazani au uani, upepo ukimpuliza fundi kutokea mgongoni ili mvuke uende mbele. Vipande viachwe huko huko mpaka viive, mbali na watoto, visiletwe ndani vikiwa bado vinanata.

Pili, glavu ziwe za nitraili, zile zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa tiba. Glavu nyembamba za mpira wa kawaida hupitisha epoksi haraka. Hata za nitraili zibadilishwe mara kwa mara, na zikichafuka zitupwe, zisifuliwe. Miwani ya kufunika macho pande zote ni lazima.

Tatu, barakoa. Barakoa ya hospitali haizuii mvuke wa kemikali, na hata N95 huzuia vumbi tu. Anayemimina mara kwa mara anahitaji barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya mvuke wa kemikali, na vibadilishwe kwa wakati. Lakini mtu ambaye tayari amepata pumu ya isosayaneti asitegemee barakoa. Aache rezini hiyo kabisa.

Nne, pima kwa uwiano ulioandikwa kwenye chombo. Kuongeza hadina ili igande haraka huleta joto zaidi, au huacha kipande kinachonata ambacho kitaendelea kudhuru ngozi kila kikishikwa.

Tano, piga msasa wenye maji. Vumbi kavu huingia mapafuni na kusambaa hadi kwenye mito na vyandarua. Rangi ya kupuliza nayo ipuliziwe nje.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 16, ushauri wangu ni kwamba rezini isubiri. Boksi, waya, mbao na gundi nyeupe ya mbao vinatosha kabisa kumfundisha vipimo. Akitaka kumimina, atumie plasta ya Paris kwenye kalibu ndogo, mzazi akiwa karibu, na asitumbukize mkono ndani ya plasta kwa sababu nayo hupata joto kali inapoganda.

Ajali ikitokea

Ikimwagikia ngozi, futa kwa kitambaa kisha osha kwa sabuni na maji mengi. Usitumie thina wala petroli. Huondoa mafuta yanayoilinda ngozi na kurahisisha kemikali kupenya.

Ikiingia jichoni, fungua kope na uliache jicho kwenye maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, palepale, kabla ya kutafuta bodaboda. Kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Mtoto akinywa, usimtapishe na usimpe maziwa wala mafuta ya kula ili atapike. Mpeleke hospitali haraka na ubebe chombo chenye lebo.

Akibanwa kifua, mtoe kwenye hewa safi na mpe inhela yake kama anayo. Asipoweza kumaliza sentensi, au midomo ikigeuka rangi, hiyo ni dharura.

Ukienda kliniki, sema

Mwaka 1700 daktari Bernardino Ramazzini wa Italia alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya watu wa kazi mbalimbali. Aliwashauri madaktari waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Zaidi ya miaka 300 baadaye, swali hilo bado linarukwa, hasa mgonjwa akiwa mwanafunzi. Tunaandika “mwanafunzi” kwenye faili na kuendelea.

Kwa hiyo usingoje kuulizwa. Mwambie daktari kijana anafanya nini kwa mikono yake jioni na wikendi. Piga picha lebo za vyombo vyote viwili, rezini na hadina. Kwa wiki mbili hadi nne andika kwenye daftari siku alizomimina, siku alizopumzika, na usiku aliokohoa. Daktari anaweza pia kumpa kifaa kidogo cha kupuliza kinachopima kasi ya pumzi, apime angalau mara nne kwa siku. Daftari la namna hiyo linaweza kutuonyesha jambo ambalo eksirei haitalionyesha.

Wakati una thamani hapa. Pumu ya isosayaneti ikigundulika mapema na mtu akaacha kuivuta, ana nafasi nzuri zaidi ya mapafu kurudi katika hali yake. Akiendelea kwa miaka, anaweza kubaki na pumu hata baada ya kuacha.

Mzazi, usiende kutupa mabasi ya kijana jalalani. Ukifanya hivyo ataendelea kwa rafiki yake, gizani, bila glavu. Kaa naye, soma naye lebo, msaidie kupata nafasi uani, na kama kifua chake kimeshaikataa rezini, mrudishe kwenye mbao na waya. Mikono yenye ujuzi ni akiba, lakini inahitaji mapafu ya kuitunza.